Kutoka Kisumu hadi Mama Ngina Waterfront: vile utatembea rasi yote, mizinga na bahari, bila kurudi na hasira

Naandika hii kitu mara moja ndio nisiulizwe tena. Mara ya nne sasa watu wa huku kwetu wanaenda Mombasa, wanapanga kuona Fort Jesus, ile ngome ya zamani ya Wareno, na ile rasi ya Mama Ngina kando ya bahari, alafu wanarudi wakiniambia ati hakuna kitu huko ni mawe tu na jua. Ukiuliza mlifika saa ngapi, saa saba mchana. Maji yalikuwa aje? Yamekupwa. Na mizinga ya vita mliiona? Mizinga gani! Omera, umesafiri usiku mzima kutoka ziwani kwenda kupiga picha na mawe.

Mahali hapana shida, shida ni mpangilio. Sisi tumezoea maji yanayokaa pale pale, ukienda ufuo wa Dunga hapa Kisumu asubuhi ama jioni ziwa ni lile lile, labda tu upepo umesukuma magugu upande huu. Bahari inaondoka. Kweli inaondoka, alafu inarudi kwa saa zake, na kama hukuangalia hizo saa utaipata imetoka.

Kwa hivyo fuata hizi hatua vile ziko, usiruke.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kitambulisho, sio picha ya kitambulisho. Kila mtu mzima na yake.
- Simu yenye M-Pesa na bando, na pawabenki iliyojaa. Malipo mengi siku hizi ni kwa simu.
- Saa za maji za Mombasa za siku unayoenda. Zinapatikana bure mtandaoni, andika "Kilindini" utaziona. Piga skrini-shoti.
- Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Sandali za plastiki acha hoteli.
- Kofia, leso mbili, na maji lita moja na nusu kwa kila kichwa.
- Sweta nzito. Najua unaenda Mombasa. Sweta ni ya basi, saa sita usiku ukipita Londiani na Mau Summit utanikumbuka.
- Pesa ndogo ndogo za tuktuk, madafu na muhogo.
- Nguo ya heshima ya kupita Mji wa Kale, mabega na magoti yafunikwe. Pale ni mitaani kwa watu, wanaishi na kusali hapo.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kuangalia nauli

Hapa ndio karibu kila mtu huangukia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kidogo, na kila siku ratiba inasonga mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, watu wa Pwani wanaita bamvu, na hapo Kilindini tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Hiyo ni juu kuliko paa la matatu. Mwezi ukiwa nusu, maji hayasongi sana, hayo ni maji mafu.

Sasa shika hii. Siku za bamvu maji ya Mombasa hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na ukienda siku moja ama mbili baadaye yanajaa karibu saa kumi na moja. Siku za maji mafu ni kinyume, ile saa kumi jioni ambayo kila mtu anafika waterfront, maji yako chini kabisa. Ndio maana unaona mawe. Wale wa chama cha jirani yangu walienda mwezi ukiwa nusu, na hakuna mtu aliwadanganya, waliona kile kilikuwa kinaonekana siku hiyo.

Chaguo langu ni siku ya mwezi mpevu yenyewe ama kesho yake. Ile rasi inaangalia bahari upande wa mashariki na kusini, na mwezi mpevu huchomoza wakati jua linazama. Kwa hivyo jioni moja unapata maji yamejaa hadi kwa mawe ya juu, mawimbi yanapiga, alafu mwezi unatoka baharini mwekundu kama chungwa. Kesho yake unachelewa kama dakika 50, bado ni sawa. Zaidi ya hapo utangojea ukiwa na njaa.

Onyo: miezi ya kusi, kuanzia kama Aprili, upepo una nguvu na Mei mvua ni nyingi, mawingu yanaweza kula mwezi wako wote. Kaskazi, Disemba hadi Machi, bahari ni tulivu zaidi lakini joto ni la kutosha, na Disemba Kenya nzima iko Mombasa.

Umefaulu ukiwa na tarehe mbili kwa karatasi, ya kwanza na ya akiba, na saa ya maji kujaa imeandikwa kando ya kila moja.

Hatua ya 2: Tiketi, na kwa nini usikimbilie treni ya asubuhi

Basi la usiku kutoka Kisumu linafika Nairobi alfajiri, kama saa kumi na moja, kama hakuna lori imelala barabarani. Treni ya kwanza ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, inaondoka stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, saa mbili asubuhi. Kwa karatasi inaingiana vizuri sana na ndio maana watu wanaibuki, alafu lori inalala Salgaa, basi linafika saa moja na nusu, na tiketi imeenda na maji.

Buki ile ya saa tisa mchana. Ni ekspresi, inachukua kama saa tano, inakufikisha Miritini, stesheni ya Mombasa, saa mbili usiku hivi. Hiyo ya asubuhi isitoshe inasimama Emali, Kibwezi, Mtito, Voi na kwingine, inafika imechelewa kuliko unavyodhani. Watu wa Nakuru nyinyi mna raha, mnatoka nyumbani na chai ya asubuhi na bado mnaipata ya saa tisa bila presha.

Nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024, ya daraja la kwanza 4,500. Unabuki kwa tovuti ya Kenya Railways na kulipa na simu. Buki tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa mara moja. Sijui kwa nini watu hubuki kwenda peke yake, ni kama unahama.

Onyo: nambari ya kitambulisho uliyoandika lazima ifanane na ile uko nayo mkononi. Ukibukia watu kumi kwa nambari yako utasimama hapo getini ukielezea askari maisha yako. Fika Syokimau zaidi ya lisaa limoja kabla ya treni, ju mabegi yanapangwa chini mbwa anayanusa, alafu yanapita kwa mashine. Mimi walinitoa kisu cha kukatia maembe nikaachana nacho hapo, na pombe pia hawakubali.

Kuna mabasi ya moja kwa moja Kisumu hadi Mombasa. Ni rahisi kichwani lakini unakaa kwa kiti usiku na mchana, na mtu mzee wa magoti atateseka. Chagua mwenyewe.

Hatua ya 3: Lala kisiwani

Lala Mombasa kisiwani. Usiende Diani, usiende Mtwapa, hata shemeji akikuambia yuko na nyumba ya bure. Diani inakuweka ng'ambo ya feri ya Likoni, na Mtwapa inakuweka kwa jam, na hii siku yote inategemea kuwa mlangoni kwa Fort Jesus saa mbili asubuhi.

Kutoka Miritini kuna matatu na tuktuk na teksi. Patana bei kabla hujaingia, ukiwa bado na begi mkononi, sio ukiwa umeketi. Alafu lala. Watu wanafika saa mbili usiku wanaanza kutafuta miziki, kesho wanaamka saa nne, na saa nne ndio mwanzo wa jua la kukaanga.

Hatua ya 4: Fort Jesus saa mbili asubuhi

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ingia ya kwanza. Sababu ni mbili: kivuli cha kuta bado kiko ndani ya uwanja, na mabasi ya shule hayajafika.

Malipo ni kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo fungua akaunti yako ukiwa bado Kisumu kwa neti nzuri. Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni, lakini unaonyesha kitambulisho. Hapo ndio wengine hukwama, wameacha ID hoteli.

Usizunguke tu ukisoma vibao. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza, umbo. Panda juu ya ukuta uone vile Wareno waliijenga kwa umbo la mwili wa mtu, mabega yametokeza pembeni. Ilijengwa 1593 hadi 1596, na zile pembe zilizotokeza ziliwekwa ili askari wa upande mmoja aweze kupiga adui aliyejibanza kwa ukuta wa upande wa pili. Ukisimama kwa pembe moja na kuangalia nyingine utaelewa kwa macho, haina haja ya mwongoza wageni. Pamoja na hayo yote Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, na walioimaliza hasa walioko ndani ni njaa na magonjwa.

Cha pili, vitu vya meli ya Santo António de Tanná. Hii ilikuja kuokoa waliozingirwa, ikazama 1697 hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichimba chini ya maji kati ya 1977 na 1980.

Cha tatu ndio kile mnachoruka kila mara: mizinga miwili ya vita vya kwanza vya dunia. Mmoja ni wa meli ya Waingereza Pegasus na mwingine ni wa meli ya Wajerumani Königsberg. Hizi mbili zilikuwa maadui. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaimaliza. Alafu Königsberg yenyewe ikajificha ndani ya delta ya Rufiji hadi Julai 1915 ilipopigwa na kuharibiwa. Wajerumani wakaitoa mizinga yake wakaiburuta nchi kavu wakapigana nayo. Sasa mshindi na mshindwa wako mahali pamoja, watoto wanawapanda wakipigwa picha. Uliza mhudumu akuonyeshe upi ni upi, usikisie.

Na kwa sisi wa ziwa hii si habari ya mbali. Vita hivyo hivyo, stima Winifred, iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kutoka Kisumu, ilifungwa mizinga ili ipambane na Muansa, meli ya Wajerumani, hapo Ziwa Victoria. Waelezee watoto hivyo, wataacha kupiga miayo.

Onyo: kuta za juu hazina reli kila mahali. Mtoto mkononi. Na usikae ndani zaidi ya masaa mawili na nusu, kuta za matumbawe zikishika joto zinakurudishia.

Umefaulu ukitoka kabla ya saa tano na unaweza kumwambia mtu mzinga wa Königsberg ni upi.

Hatua ya 5: Kuanzia saa tano hadi saa tisa, usiende rasini

Sisemi mara mbili. Usiende. Mibuyu ya Mama Ngina ni mikubwa lakini haina majani ya kutosha kukukinga saa saba.

Pita Mji wa Kale polepole upande wa kivuli, uone milango iliyochongwa, kula. Hapa mimi sina haraka. Viazi karai na ukwaju, mshikaki, mahamri na mbaazi kama asubuhi haikushiba, juisi ya ukwaju baridi. Ukipiga picha ya mtu omba kwanza, na ya mwanamke usijaribu hata kuomba.

Alafu rudi hoteli ulale saa moja. Mimi napenda hiyo saa kuliko ngome.

Hatua ya 6: Mwembe Tayari, dakika ishirini tu

Kama kuna mtu kwa familia yenu babu yake aliitwa Keya ama alienda "kariakoo", usiruke hii. Iko njiani, barabara ya Jomo Kenyatta, mnara wa kukumbuka Waafrika waliokuwa kwa vita vya 1914 hadi 1918. Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, wanajeshi wa Kiafrika wa Waingereza wenye bunduki. Kariakoo ni Carrier Corps, wale wa kubeba mizigo kichwani, na ndio waliokufa wengi, hasa kwa kuhara, malaria na njaa.

Nyanza ilitoa watu wengi sana. Mkuu wa jimbo letu wa wakati huo, John Ainsworth, ndiye aliyechukuliwa 1917 kusimamia kukusanya wapagazi. Kwa hivyo ukisimama hapo na watu kumi kutoka Kisumu, Siaya, Vihiga, kuna uwezekano mkubwa mmoja wenu ana mtu wake kwa hiyo hesabu.

Barabara ni ya shughuli, magari na mikokoteni. Weka simu ndani ukimaliza picha.

Hatua ya 7: Rasi yenyewe, saa tisa na nusu hadi mwezi

Chukua tuktuk mwambie akupeleke Mama Ngina upande wa golfu na mnara wa taa, Ras Serani. Sio upande wa feri. Kila mtu huanzia upande wa feri ju ndio matatu zinamwaga watu, alafu wakichoka wako mwisho mwingine, giza limeingia, hakuna gari. Wewe anzia huko tulivu umalizie kwa feri penye matatu hadi usiku. Hii peke yake imeokoa magoti ya mama yangu.

Onyo kubwa: upande huu kuna Ikulu ya Mombasa. Usielekeze kamera huko, hata kwa mchezo, hata selfi ambayo Ikulu iko nyuma. Kwa feri pia, weka simu chini ukiona askari anakuangalia.

Karibu na hapo kuna mabaki ya Fort St. Joseph, ngome ndogo ya Wareno. Ni kuta kidogo tu, usitegemee Fort Jesus ya pili. Lakini simama hapo uangalie maji utaelewa kwa nini waliiweka. Mlango wa kuingia bandarini ni mwembamba na una kina, Kilindini jina lenyewe linatoka kwa kilindi, kwa hivyo meli zinapita karibu na wewe kiasi cha kuona mabaharia wakianika nguo. Meli ya makontena ikipita, hata wale wa kupiga miayo husimama.

Na hapa ndio useme ile ya vita vya pili. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, Waingereza wakaona kambi yao ya huko si salama, wakarudisha meli zao za kivita nyuma hadi Kilindini. Zilipita mlango huu huu. Na watu wao wa kuvunja msimbo, wale wa kusikiliza redio za jeshi la maji la Japani na kufumbua maandishi ya siri, waliwekwa kwa shule ya Allidina Visram hapo hapo kisiwani. Bado ni shule, wanafunzi wako darasani, kwa hivyo msiende kubisha geti ati mnatafuta majasusi.

Sasa tembea polepole kuelekea feri. Eneo la kupumzikia lilijengwa upya na kufunguliwa 2019, sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zilifanyiwa hapo. Kuna njia pana za miguu, viti, malango ya mtindo wa Kiswahili, na vibanda. Kuingia ni bure. Kula muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, kunywa dafu, nunulia watoto mabuyu, midomo iwe myekundu ndio ujue mmefika.

Onyo tatu, na hizi sitanii:

Usiogelee hapa. Hii sio ufuo, ni mawe na mkondo wa mlango wa bandari, na mtu wa ziwa anayejua kuogelea Dunga anajidanganya haraka kuliko asiyejua. Kuogelea nenda Jomo Kenyatta Beach siku nyingine.

Usishuke kwa mawe maji yakiwa yanajaa. Mawe yana kijani yanateleza, na wimbi moja kati ya kumi huwa kubwa kuliko ndugu zake.

Jua la Mombasa linazama kama dakika 20 mapema kuliko letu la Kisumu. Inaonekana ni kidogo, lakini mtu amezoea giza lake la saa moja, hapa giza linamkuta bado anatafuta mtoto wa pili.

Umefaulu ukiwa umekaa ukutani kama saa kumi na mbili na nusu, rasharasha ya chumvi usoni, maji yameanza kurudi, na mtu kwa kikundi chenu amenyamaza bila kuambiwa. Kama ulichagua tarehe vizuri, angalia mashariki. Usipige picha ya mwezi kwa simu, itatoka kama taa ya boda.

Hatua ya 8: Feri na kurudi

Kupanda feri ya Likoni kwa miguu ni bure na wengi wanataka tu kuvuka na kurudi. Sawa, lakini sio saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazini, huo msongamano unaweza kukubeba bila miguu kugusa chini. Na watoto, hapana. Vuka kesho asubuhi mapema kama lazima, alafu uende stesheni.

Toka kisiwani masaa mawili kamili kabla ya treni. Ukaguzi wa mabegi Miritini ni ule ule wa Syokimau, mbwa ni yule yule, na mabuyu yanapita, nimejaribu.

Viatu na fremu za miwani zioshe na maji ya mfereji usiku huo huo kabla ya kufunga begi, chumvi ikikaa hadi Kisumu utapata zipu imeshika kutu. Na sweta iwe juu kabisa ya begi. Mau Summit iko pale pale.